Gari la Magurudumu Manne: Uhakiki wa Lugha ya Ratiba Moja ya Safari

Tunayo mbele yetu ratiba ya safari yenye kurasa 2, iliyoandikwa kwa Kiswahili na wakala mmoja wa usafiri kwa ajili ya familia ya watu 6 wa Unguja waliokwenda Maskati mwezi wa Desemba 2022, wakati wa likizo ya shule. Walikwenda kuwaona jamaa zao, kama wafanyavyo Wazanzibari wengi, na katikati ya mapumziko hayo walitaka kutoka Maskati kwa siku 3: Nizwa kutazama mnada wa mbuzi wa Ijumaa, Jebel Akhdar ili watoto wauone mlima, na Sur kwa sababu babu yao alikuwa baharia na jina la mji huo walilisikia nyumbani tangu utotoni. Karatasi hiyo ililetwa kwetu na baba wa familia baada ya kurejea. Hakuja kushtaki, alikuja na swali moja la lugha, nalo tutalifikia.

Kwanza yatupasa kumpa wakala haki yake. Mtu anayetoa fedha zake kwa ajili ya usafiri anastahili kusoma kwa lugha yake kile anachokinunua, na hadi leo ratiba nyingi za namna hii hutolewa kwa Kiingereza kitupu, hata kwa wateja ambao nyumbani hawasemi ila Kiswahili. Wakala huyu alijitahidi. Kosa lake ni kwamba alitafsiri maneno bila ya kujiuliza msomaji atafanya nini baada ya kuyasoma. Ratiba ya safari si hadithi ya kuburudisha. Kila mstari wake ni agizo: kodi hiki, panda kile, simama hapa, usivuke pale. Istilahi ikikosea katika kitabu cha sarufi, mwanafunzi hukosa alama. Ikikosea hapa, watoto 4 huachwa njiani.

Tuanze na jina la safari yenyewe. Ratiba inaiita “safari ya upande”. Msemaji wa Kiswahili akilisikia neno hilo atauliza mara moja, “Upande upi?”, na hatapata jibu, kwa sababu upande ni lazima uwe wa kitu fulani: wa kulia, wa kaskazini, wa pili. Mtafsiri alichotaka kusema ni safari ndogo iliyo ndani ya safari kubwa, ambayo mtu huiacha njia yake kwa siku moja mbili kisha akarejea alikokuwa. Lugha yetu ilikuwa na neno lililoelekea kabisa dhana hiyo, yaani mchepuko, kutokana na kuchepuka: kuiacha njia kuu na kufuata njia ndogo. Kwa bahati mbaya neno hilo limekwisha kuharibiwa. Katika miaka ya 2010 kampeni za afya zilituhimiza tubaki njia kuu na tuachane na michepuko, na tangu hapo baba mwenye heshima zake hawezi kumwambia mkewe mbele ya wakwe kwamba anapanga mchepuko wa siku 3. Ndugu yake neno hilo, mchepuo, limeshikwa na wahandisi wa barabara kwa upande mmoja na na walimu wa sekondari kwa upande mwingine. Ziara nalo ni neno zuri, lakini lina uzito wa makaburi ya mawalii na misafara ya viongozi.

Lakini je, ni kweli kwamba tunahitaji jina moja? Hapa ndipo tulipojifunza jambo kutoka kwa mtu ambaye hajapata kuhudhuria kikao chochote cha istilahi. Ami yao, aliyewapokea Maskati, ni mmoja wa wale waliohamia Omani baada ya mwaka 1970 na ambaye Kiswahili chake hakijapata kutu. Aliposomewa ratiba kwa simu kabla ya safari, hakuuliza maana ya safari ya upande. Aliuliza hivi: “Mwanangu, Nizwa mnakwenda kushinda au mnakwenda kulala?”

Swali hilo moja lilifanya kazi ambayo kurasa 2 hazikuifanya. Mnada wa mbuzi wa Nizwa huanza mapema asubuhi, na jua likisimama biashara imekwisha na watu wanaelekea msikitini. Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kilomita zipatazo 160. Anayetoka Maskati siku ya Ijumaa baada ya kunywa chai atawakuta mbuzi wamekwisha kupakiwa. Kwa hiyo Nizwa ya mnada ni safari ya kulala, si ya kushinda: ni lazima kufika Alhamisi na kutafuta malazi. Ratiba ilikuwa imeandika “safari ya upande ya siku moja, Ijumaa”. Kushinda na kulala ni vitenzi ambavyo kila mtoto wa Kiswahili anavijua kabla hajaanza shule, na vimebeba ndani yake habari ambayo mpanga safari anaihitaji kuliko zote: je, tutahitaji vitanda? Sisi tungependekeza “matembezi ya kushinda” na “matembezi ya kulala”, na tungeliacha neno upande lipumzike.

Neno uhamisho limetumika mara 5 katika kurasa hizo, kwa maana 3 zilizo mbali mbali. Kuna “uhamisho” wa kutoka uwanja wa ndege, “uhamisho” wa kubadili basi, na “uhamisho” wa kutoka nyumba moja ya wageni kwenda nyingine. Mtumishi wa serikali akilisoma neno hili hufikiri juu ya barua ya katibu mkuu na posho ya kufungia mizigo. Wa kwanza ni kupokewa, wa pili ni kuunganisha, kama asemavyo abiria yeyote anayeshuka Chalinze au Segera ili kupanda basi jingine, na wa tatu ni kuhama tu. Hatuoni haja ya kulirefusha jambo hili.

Saa ni jambo zito zaidi. Mstari mmoja unasema, “Basi la Nizwa: saa 8 asubuhi”. Saa hiyo haipo katika Kiswahili, na kwa sababu haipo, haikumdhuru mtu. Msomaji alicheka na kuelewa kwamba mtafsiri alitazama tarakimu bila ya kugeuza hesabu, na kwamba ilikusudiwa saa 2. Mstari unaodhuru ni ule unaofuata: “Kurudi: saa 3”. Hapa hapana asubuhi, alasiri wala usiku, na msomaji hawezi tena kujua kama mtafsiri aligeuza hesabu au hakugeuza. Huenda ni saa 3 asubuhi, huenda ni saa 3 usiku, na huenda ni ile tuiitayo saa 9 alasiri. Kosa linaloonekana ni afadhali kuliko kosa lililovaa nguo za usahihi. Katika ratiba za safari za nje yafaa ziandikwe namna zote mbili, yaani 15:00, saa 9 alasiri, kwa sababu ubao wa kituo cha basi huko Maskati utaonyesha ile ya kwanza na kichwa cha abiria wetu kitafikiri kwa ile ya pili.

Sasa tuingie katika gari, ambako ndiko kwenye kiini cha makala haya.

Ratiba inasema kwamba “familia itakodisha gari Maskati”. Anayekodi ni yule anayetoa fedha na kupewa gari. Anayekodisha ni mwenye gari. Kwa mujibu wa ratiba, basi, familia ilisafiri kwenda kufungua biashara. Kosa hili limeenea mno hata katika magazeti, na wengine watasema kwamba matumizi yamekwisha kulihalalisha. Hatukubaliani nao. Lugha inayoweza kumtofautisha mwenye mali na mpangaji kwa silabi moja haina sababu ya kuitupa silabi hiyo, hasa katika karatasi ambayo kesho yaweza kuwa ushahidi wa madai.

Hata hivyo “gari la kukodi”, lililoandikwa sawasawa mstari wa chini yake, ndilo lililoleta matatizo. Unguja, mtu akisema amekodi gari kwenda Makunduchi, watu huelewa kwamba amekodi gari pamoja na dereva wake. Baba wa familia alielewa hivyo hivyo. Alipofika ofisini Maskati alikabidhiwa ufunguo. Yeye ana leseni na huendesha gari kwao, lakini kwao hupita kushoto, na Omani hupita kulia. Siku ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, kila alipokaribia mzunguko alisoma dua. Ratiba haikutaja upande wa barabara wala haikutaja kwamba dereva ni yeye. Kujaribu kutunga neno moja hapa kuna hatari yake, kwani “gari la kujiendesha”, ambalo tumeliona mahali pengine, sasa litafahamika kuwa ni lile lisilo na dereva kabisa. Yatosha kuandika wazi: “gari bila dereva, mtaendesha wenyewe, magari hupita kulia”. Istilahi si lazima iwe neno moja. Mara nyingine sentensi fupi hufanya kazi vizuri zaidi, na mtaalamu wa istilahi asione haya kusema hivyo.

Chini ya siku ya pili, Jebel Akhdar, imeandikwa: “Gari la magurudumu manne linahitajika”.

Baba alilitazama gari alilopewa, gari dogo la kawaida, akayahesabu magurudumu yake. Yalikuwa manne, na la tano la akiba lilikuwa nyuma. Akaridhika. Siku ya Ijumaa baada ya mnada wakatoka Nizwa wakafika Birkat al-Mawz, mahali ambapo barabara ya mlima inaanza. (Birkat hiyo si nyingine ila birika letu, wazee wa Unguja wangelitambua mara moja.) Hapo pana kizuizi cha polisi. Askari alilitazama gari, akatikisa kichwa, akawaonyesha njia ya kurudi. Hakuwa na haja ya kuhesabu magurudumu.

Sababu ya kizuizi ni ya haki. Barabara ina lami, lakini hupanda kwa ukali hadi uwanda wa Saiq, ulio kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, na hatari kubwa haimo katika kupanda bali katika kushuka, breki zinapopata moto hata zikashindwa kushika. Kinachotakiwa ni gari ambalo nguvu ya injini yake hufika katika magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma, na lenye gia nzito za kulizuia katika mteremko. Jina la Kiingereza limeyafupisha yote hayo katika maneno machache yanayotaja magurudumu na idadi yake. Mtafsiri aliichukua idadi akaiacha nguvu ya injini nyuma.

Idadi ya magurudumu si jambo baya katika istilahi, ila ni lazima iwe inatofautisha. Tukisema chombo cha magurudumu matatu, kila mtu huiona bajaji, kwa sababu vyombo vingi vingine vya barabarani havina matatu. Lakini manne ndiyo idadi ya gari la kawaida kabisa. Kusema kwamba gari la magurudumu manne linahitajika ni sawa na kusema kwamba anahitajika mpishi mwenye mikono miwili. Sentensi ni sahihi kisarufi, tena ni ya kweli, lakini haimwambii msomaji lolote, na ubaya wake ni kwamba haifanani na kosa. Msomaji hasimami kuuliza. Anaridhika, kama alivyoridhika baba huyu.

Walikuwapo madereva hapo chini ya mlima wenye magari yanayofaa, lakini kwa watu 6 bei ilikuwa kubwa kuliko mfuko ulivyoruhusu, na malazi ya juu yalikuwa yamekwisha lipiwa. Fedha hizo hazikurudi. Watoto waliutazama mlima kutoka bondeni, wakapiga picha, wakarejea Nizwa.

Na sasa lile swali. Baba alituuliza, “Hivi Kiswahili hakina neno la gari hili?” Tulijibu kwamba kinalo, na kwamba yeye mwenyewe analijua. Tulipomuuliza wale wapeleka watalii porini kule Bara huendesha gari gani, alijibu bila ya kusita: “Fowili.” Kisha akanyamaza, maana alikuwa amejijibu.

Tunajua kwamba wapo wenzetu ambao watakunja uso. Neno hilo, watasema, ni la mitaani, nalo limetokana na Kiingereza. Ni kweli. Lakini basi na treni zimetoka wapi? Bajaji ni jina la kampuni, na hakuna aliyekufa. Tofauti iliyopo kati ya “fowili” na “gari la magurudumu manne” ni kwamba la kwanza lina sura ya kigeni na maana ya nyumbani, na la pili lina sura ya nyumbani bila ya maana. Mafundi wa magari nao wana njia yao: watakuambia gari lina difu ya mbele na ya nyuma, na maelezo hayo ni sahihi kuliko ya Kiingereza chenyewe. Kwa hiyo katika ratiba tungeandika: “gari la fowili, yaani lenye nguvu ya injini katika magurudumu yote, gari dogo la kawaida huzuiliwa na polisi”. Tumewahi kuona mapendekezo ya kutunga maneno mapya ya mvuto na msukumo kwa dhana hii. Hatuyadharau, lakini yafaa kwanza yasomwe na dereva mmoja wa kukodi na abiria mmoja wa shamba, na wakishindwa kuonyesha kwa kidole gari linalotajwa, yarudishwe kikaoni.

Limebaki neno ambalo familia hii ilisalimika nalo kwa bahati tu. Kwa siku ya tatu, katika njia ya kwenda Sur, ratiba inaeleza matembezi ya Wadi Shab, karibu na Tiwi, na kuongeza: “Mvua ikinyesha msivuke wadi, subirini katika gari”. Kwa Mzanzibari wadi ni eneo la diwani, au ni chumba cha wagonjwa hospitalini; Mkenya naye humchagua mwakilishi wa wadi. Neno hilo tulilipata kutoka Kiingereza. Wadi ya Omani ni ya Kiarabu, nayo ni bonde au korongo ambalo laweza kuwa kavu kwa miezi, kisha likajaa maji kwa muda mfupi kwa sababu ya mvua iliyonyesha milimani, huku hapo ulipo jua linawaka. Maneno mawili ya asili mbali mbali yamekutana katika sauti moja, na mama wa familia alisoma agizo lile akadhani wanakatazwa kuvuka mtaa.

Hata kama angelielewa, agizo lenyewe ni bovu. Magari ya wageni wa Wadi Shab huegeshwa kwenye mdomo wa korongo, chini ya daraja la barabara kuu. Kusubiri katika gari hapo ni kuyasubiri maji. Haikunyesha siku hiyo; walivuka kwa mashua, wakatembea, wakafika Sur kabla ya magharibi na kuyaona majahazi. Lakini mwezi wa Aprili 2024 mvua kubwa ilinyesha Omani, na miongoni mwa waliokufa katika Sharqiyah ya Kaskazini walikuwamo watoto wa shule ambao gari lao lilisombwa na maji. Watu hao walilijua neno wadi tangu kuzaliwa. Je, mgeni aliyepewa neno linalomkumbusha diwani wake atajihadhari vipi?

Tunapendekeza wadi libaki katika majina ya mahali tu, kama Wadi Shab, na kwingineko liandikwe korongo, neno ambalo watu wa Dodoma na Arusha hulitumia kwa mahali pa namna hiyo hiyo, ambapo hukauka na kujaa kwa ghafla. Kwa watu wa visiwani, wasio na makorongo ya namna hiyo, jina peke yake halitatosha, agizo na liandikwe kwa urefu wake: “Mawingu yakionekana milimani, ondokeni korongoni na gari lenu, pandeni mahali pa juu, wala msivuke maji yanayokwenda hata kama ni ya kina kifupi.”

Kuna shaka moja ambayo hatukuweza kuiondoa wenyewe. Waswahili waliokaa Omani zaidi ya miaka 50 bila shaka wana namna yao ya kuitofautisha wadi iliyo kavu na ile inayoshuka maji, na huenda pia wana jina la gari la mlimani ambalo si fowili. Ami yao, tulipomtumia swali, alisema kwamba wao husema “wadi imeshuka”. Tunawaomba wasomaji wetu walioko Maskati, Nizwa na Sur watuandikie wanavyosema majumbani mwao, pamoja na mfano wa sentensi, ili jambo hili liwekwe mbele ya kikao kijacho.